Kiungio cha kusukuma: nimekipasua, nimekivuta, nimekitilia presha

Habari zenu wadau. Leo mezani nina kadude kadogo, kanaenea kiganjani, na kamoja nimekapasua kwa msumeno wa chuma ili muone tumbo lake. Hiki ni kiungio cha kusukuma, au fitingi ya kuchomeka, kutegemea fundi wako anaiitaje. Unakata bomba, unalichomeka, unasukuma mpaka ligote, basi. Hakuna gundi, hakuna kuyeyusha plastiki, hakuna spana, hakuna ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi. Hivyo ndivyo pakiti inavyojisifu. Mimi nami nimekisifu sana mbele za watu, halafu siku moja kikaniaibisha, kwa hiyo leo mtasikia yote mawili.

Kabla hamjauliza: sijalipwa na mtu, na jina la kampuni nimelifunika kwa tepu nyeusi makusudi. Fitingi za aina hii zinatengenezwa na wengi na ndani zinafanana sana.

Ngoja nisogeze kamera. Hapo. Anzieni mdomoni. Hii pete ya plastiki inayocheza ukiigusa ni ya kufungulia, tuiache kwanza. Nyuma yake kuna pete nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, ina meno madogo madogo, yote yameinamia ndani. Nyuma ya meno ndiyo oringi, huu mpira mweusi. Na huku mwisho kabisa kuna kizingiti, bomba likifika hapo haliendi tena.

Sasa hayo meno. Mnaujua mtego wa dema? Samaki anaingia kwa raha zake, kutoka ndiyo kazi. Ni hivyo hivyo. Bomba likiingia linayalaza meno na kupita. Ukilivuta kurudi nyuma, meno yanasimama na kulikaba, na kadiri unavyovuta ndivyo yanavyozidi kuuma. Tazameni, nimeweka mguu ukutani, navuta kwa mikono miwili... haliji. Naweza kulizungusha hivi, linazunguka, lakini kuchomoka halichomoki.

Wengi wanadhani meno ndiyo yanayozuia maji. Siyo. Meno yanashika tu, kuzuia maji ni kazi ya oringi. Yenyewe ni nene kidogo kuliko nafasi iliyoachwa kati ya bomba na ukuta wa fitingi, kwa hiyo bomba likipita inajibana pande zote. Maji yakija na presha yanaisukuma iegemee ukingo wa mfereji wake, nayo inazidi kuujaza upenyo. Presha inamsaidia mlinzi badala ya kumshinda. Ndiyo maana naweza kulizungusha bomba likiwa na maji ndani na tone lisianguke.

Linganisheni na fitingi ya nati, ile yenye kipete cha kubana. Pale kila kitu kiko mkononi mwa fundi. Mmoja anakaza kidogo, inavuja. Mwingine anakaza kwa hasira mpaka kipete kinaliminya bomba, inavuja pia, tena hiyo ya pili ni mbaya zaidi maana hairekebishiki kwa kukaza. Kiungio cha kusukuma kimeuondoa mkono wa fundi kwenye hesabu. Lakini kazi haikupotea, imehamia kwenye mdomo wa bomba. Fitingi hii inauamini mno mdomo wa bomba lako, na hapo ndipo inapoponzwa.

Nisogee karibu zaidi. Hili bomba nimelikata kwa msumeno, kwa haraka, kama wengi wetu tunavyofanya. Mnaziona hizi nyuzinyuzi za plastiki pembeni? Na hapa kuna kijino kimebaki, ukipitisha kucha kinakwaruza. Sasa tazameni oringi niliyoitoa kwenye fitingi niliyochomeka bomba kama hili. Igeuzeni kwenye mwanga... hapo. Kovu, nusu ya punje ya mchele. Wakati nachomeka sikuhisi kitu. Ilitoa ule mlio wake mzuri wa "tak" kama kawaida, nikaridhika. Mlio unakwambia bomba limepita kwenye meno. Haukwambii oringi imesalimika, wala haukwambii bomba limefika mwisho.

Kwa hiyo tumieni mkasi wa mabomba, au kile kikataji cha gurudumu kama bomba ni la shaba. Mkato uwe wa pembe mraba. Ukikata mshazari, upande mmoja unagota kizingiti huku wa pili bado uko njiani, na ule wa njiani ndio unaoweza kuikosa oringi. Halafu msasa laini kuzunguka ukingo kwa nje, mara mbili tatu, ufute vumbi. Bomba lenye mchirizi wa mkwaruzo kwa urefu, pale ambapo oringi itakaa, likate utupe kile kipande. Mkwaruzo wa urefu ni mfereji, na maji yanaijua mifereji kuliko sisi.

Halafu kalamu. Pimeni kina cha fitingi kutoka mdomoni mpaka kwenye kizingiti. Hii yangu ya milimita 15 ina kina cha milimita 27. Weka alama hiyo kwenye bomba, chomeka, angalia alama imefika mdomoni. Kama alama bado iko nje, bomba halijaingia, hata kama umesikia "tak" tano. Wanaonijua wanajua nina kalamu sikioni muda wote, sasa mmejua sababu.

Haya, aibu yangu. Ni kwangu mwenyewe, chini ya sinki la jikoni. Bomba la plastiki laini, fitingi mpya, presha ya kawaida. Nilikata vizuri, nikaweka alama, nikachomeka, nikavuta, safi. Nikalala. Usiku nikasikia kishindo, halafu mlio kama mvua ndani ya kabati. Kufika, bomba limechomoka lenyewe limelala pembeni, maji yananipiga usoni. Nililaumu fitingi wiki nzima. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa limekaa kwenye pakiti ninaitazama: hiki kijibomba kidogo cha kutia ndani ya mdomo wa bomba. Niliona ni urembo wa ziada nikakiacha.

Mabomba ya plastiki laini yanahitaji hiki. Tazameni nikilibana bomba kwa vidole, linakuwa yai. Meno yakilikaba pande zote, bomba linajikunja ndani taratibu, hasa maji ya moto yakipita na plastiki ikalegea. Likishakuwa dogo, meno hayana cha kuuma. Kijibomba hiki kinaukaza ukuta kwa ndani, meno yauma kitu kigumu. Bomba la shaba halikihitaji. La plastiki laini, hata kama pakiti imekuja bila hicho, kitafute, na kiwe kinachoendana na bomba lako, maana kuta za mabomba hazina unene mmoja.

Presha sasa, maana hapa ndipo watu wanapoogopa. Hii pakiti imeandikwa bar 10 kwa maji ya baridi, na namba inashuka kadiri maji yanavyokuwa ya moto. Bar 10 ni nini? Bar 1 ni karibu sawa na uzito wa maji yaliyosimama mita 10 kwenda juu. Tenki likiwa mita 6 juu ya koki yako, una bar 0.6 hivi. Kwenye bomba la milimita 15, bar 10 inalisukuma bomba litoke kwa nguvu ya kama kilo 18, karibu ndoo ya lita 20 iliyojaa ikining'inia. Bar 0.6 haifiki hata kilo mbili. Kwa hiyo ukiona fitingi ya namna hii inavuja kwenye maji ya tenki, acheni kusingizia presha, ifungueni mkautazame mdomo wa bomba.

Kitu cha kuogopa ni lile pigo la maji. Ukifunga koki ya haraka ghafla na bomba ukutani likasema "dugu!", hapo presha imeruka juu kwa kufumba na kufumbua, na bomba limetikisika. Likitikisika kila siku linasaga pale kwenye meno. Lifungeni bomba kwa vibano ukutani, lisiachwe linaning'inia kwenye fitingi.

Jana nilitengeneza mstari wa majaribio: viungio vinne, elbo mbili za kona na tii moja ya njia tatu, nikaunganisha na pampu ya mkono yenye geji ya kusoma presha. Nikapanda mpaka bar 10. Sindano ikaanza kushuka, na ningekuwa mgeni ningeshtuka. Ni bomba la plastiki linatanuka kidogo, si kuvuja. Nikapandisha tena, ikatulia. Nusu saa, tishu kavu imezungushwa kila kiungo, hakuna iliyolowa. Halafu nikabadilisha kiungo kimoja, nikaweka ile yenye oringi yenye kovu. Hapa ndipo paliponifundisha kitu: kwenye bar 10 haikuvuja. Nikashusha mpaka bar 1, ikaanza kudondosha. Presha kubwa ilikuwa inaisukuma oringi izibe kovu lake, ndogo ikamwacha mgonjwa peke yake. Kwa hiyo jaribuni kwa presha ndogo pia, msikimbilie kubwa tu.

Wahenga walisema chururu si ndondondo, na kwa mtu mwenye kiu ni kweli. Ndani ya kabati msiidharau ndondondo. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 hivi ndiyo mililita moja, kwa hiyo ni zaidi ya lita 4, kila siku, kwenye mbao zako.

Ukubwa, nipite haraka. Bomba la plastiki la milimita 20 linapimwa kwa nje. Nyuzi za nusu inchi ukizipima kwa nje unapata karibu milimita 21, kwa hiyo "nusu inchi" haimaanishi kitu chochote unachoweza kukigusa kwa rula. Tembeeni na kalipa, kile kipimio cha taya mbili kinacholibana bomba na kusoma upana wake. Fitingi ya ukubwa wa jirani inaweza kuingia vizuri kabisa na ikavuja milele.

Mafuta: bomba likigoma kuingia, msipake grisi ya gari wala mafuta ya mgando. Oringi za maji mara nyingi ni za EPDM, mpira usioelewana na mafuta ya petroli, unavimba na kulegea. Pakeni ya silikoni kidogo, au maji tu.

Pa kuitumia na pa kuiacha. Chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye hita ukiwa umesoma namba za joto, kwenye kona ambayo spana haigeuki: hapo sina ubishi, hii inazishinda fitingi zote. Kuifukia ndani ya ukuta wa saruji mimi sikubali. Najua kuna zinazoruhusiwa na kiwanda, lakini kitu chenye mpira ndani nataka nikione. Ndani ya ukuta nayeyusha plastiki kwa plastiki, bomba na fitingi viwe kitu kimoja. Juani pia hapana, plastiki inayochomwa na jua inakuwa kama biskuti. Bomba la shaba lililopakwa kromi ni gumu na laini, meno yanateleza. Na bomba la zamani la chuma lenye kutu, msijaribu hata kwa utani.

Kufungua. Zimeni maji, fungueni koki presha itoke. Bonyeza pete hii ya plastiki iingie ndani sawasawa pande zote, usibonyeze upande mmoja, huku unavuta bomba. Mnaona? Limetoka kama si lile lililonitoa jasho. Angalia alama za meno kwenye bomba: hizi. Kabla ya kulichomeka tena, kata sehemu yenye alama. Fitingi yenyewe inaweza kurudi kazini kama oringi haina kovu.

Mmoja wenu aliniuliza kama ile ya kwangu ya chini ya sinki niliibadilisha. Fitingi ni ile ile. Nilikata bomba upya, nikatia kijibomba cha ndani, nikachomeka. Kwa kuwa nimeshaumwa na nyoka, niliweka kikopo chini yake. Leo kabla ya kuwasha kamera nimekwenda kukichungulia. Kikavu, na kuna buibui ameshajenga humo ndani.