Pawa stesheni ya safari: kabla ya kuuliza ukubwa, uliza inakula kiasi gani ikiwa imekaa tu

"Dada, nimelala na asilimia 80, nimeamka na 40, na usiku kucha nimechaji simu moja tu. Nimepigwa?"

Ujumbe wa namna hii umezidi tangu watu waanze kubeba pawa stesheni, yaani maboksi ya betri yenye soketi na matundu ya USB, kwenda Matema na Kitulo badala ya kuwasumbua wenzao na jenereta. Mwingine wa Mafinga aliandika kwa hasira zaidi: kaenda kwa fundi, fundi kapima betri, betri nzima, karudi nyumbani, usiku ule ule chaji imeyeyuka tena. Fundi alisema kweli. Betri ni nzima na mteja hakupigwa. Aliacha kitufe cha AC, kile cha soketi za plagi, kikiwaka.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na idadi ya matundu ya USB wala taa ya mbele. Maboksi yote ya maana siku hizi yana USB za kutosha ukoo mzima. Swali langu ni moja, na ni lile ambalo muuzaji hajawahi kuulizwa: boksi lenyewe linakula kiasi gani likiwa limekaa tu?

Betri iliyo ndani inatoa umeme wa DC, kama ile ya gari. Soketi za ukutani tulizozizoea zinataka AC ya volti 230, na kazi ya kuugeuza umeme huo ni ya inveta. Ukibonyeza kitufe cha AC, inveta inaamka na kuanza kula, uwe umechomeka kitu au hujachomeka. Ni daladala inayounguruma kituoni bila abiria: mafuta yanakwenda, safari hakuna. Kwa maboksi ya wati-saa 1,000 hivi (wati-saa ni kipimo cha umeme unaobebwa na betri), ulaji huo mara nyingi ni wati 10 hadi 20. Madogo yanakula pungufu, lakini na betri yao ni ndogo, kwa hiyo maumivu ndiyo makubwa zaidi.

Tupige hesabu ya yule dada wa asilimia 80. Boksi lake ni la wati-saa 256. Tuseme inveta inakula wati 8. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi ni saa 10, sawa na wati-saa 80. Simu ya betri ya 5,000mAh inahitaji wati-saa 20 na ushei. Jumla ni kama 100, yaani zile asilimia 40 zilizopotea. Simu imekula sehemu moja tu kati ya tano, na sehemu nne zimeliwa na boksi lenyewe. Angechomeka simu kwenye tundu la USB na kuzima AC, angeamka na zaidi ya 70.

Friji ndogo ya gari ni hadithi hiyo hiyo kwa sura nyingine. Friji hizi zimetengenezwa kwa volti 12 au 24. Watu wanaichomeka kwenye soketi ya AC kwa kutumia adapta, kwa hiyo umeme unatoka DC, unageuzwa kuwa AC, kisha adapta inaurudisha DC, na kila mgeuzo una ushuru wake. Tumia tundu la duara, lile linalofanana na la kuwashia sigara kwenye gari. Friji hiyo hiyo, boksi hilo hilo, lakini usiku wa pili bado una vinywaji vya baridi.

Utaniambia basi dawa ni kuzima kitufe, kwa nini iwe sababu ya kuchagua boksi hili na kuacha lile? Kwa sababu kambini watu wanasahau. Mtoto atabonyeza, shemeji atachaji laptopu na kuondoka. Boksi zuri linajizima lenyewe upande wa AC likiona hakuna kinachovuta, linakuruhusu kupanga muda wa kufanya hivyo, na kwenye kioo linaonyesha wati zinazotoka ili uone mwizi yuko wapi. Hapo maboksi hayalingani hata kidogo. Kuna mengine hayana mpangilio wowote wa kujizima, na kuna mengine yana mpangilio mkali kupita kiasi: unachomeka kitaa cha wati 3 cha mtoto, boksi linadhani hakuna kitu, linakata, mtoto analia gizani. Unataka lile ambalo mpangilio huo unaweza kuuwasha na kuuzima mwenyewe.

Namna ya kupima ni rahisi. Jaza hadi 100, washa AC, usichomeke kitu, kisha zima ule mpangilio wa kujizima. Acha hadi asubuhi, soma asilimia. Ikipungua 15 kwenye boksi la wati-saa 1,000 kwa saa kumi, ujue linakula kama wati 15. Likishuka zaidi ya hapo, kaa mbali. Nilimuuliza muuzaji mmoja hapa mjini kama naweza kuliacha boksi dukani kwake usiku mmoja kwa jaribio hilo. Akasema nikishalipia naliacha hata wiki. Nikamuuliza basi aniambie yeye linakula kiasi gani. "Dada, hili halili, ni la umeme." Alikuwa hatanii.

Sasa orodha yangu.

Wa kwanza ni EcoFlow RIVER 2 Pro, na sijifichi: kampuni hii naipenda na nitaitetea. Wati-saa 768, inveta ya wati 800, uzito kilo 7.8, yaani unalishika kwa mkono mmoja na mwingine umebeba ndoo ya maji. Kioo kinasema kinachoingia na kinachotoka bila kubahatisha, na programu yake ya simu inakupa kupanga AC ijizime baada ya muda gani. Jambo la pili ni kasi: kutoka ukutani linajaa kwa dakika 70. Kwetu huku hilo si anasa. Umeme umekatika jioni, umerudi saa tisa usiku, safari ni saa kumi na moja alfajiri, na bado unaondoka umejaa. Kasoro zake nazijua. Feni inapiga kelele likijazwa kwa kasi. Na ile sifa ya kuendesha vifaa vikubwa kuliko wati 800 isikudanganye: linachofanya ni kushusha volti, kwa hiyo birika litachemka kwa kusuasua. Kwa chai beba mtungi mdogo wa gesi. Mtu anayenunua pawa stesheni ili apikie hajapiga hesabu ya wati-saa wala ya pesa.

Wa pili, Jackery Explorer 1000 v2. Wati-saa 1,070, wati 1,500, kilo 10.8, ambazo kwa ukubwa huo ni uzito mdogo. Hili ndilo ningemshauri mtu anayekwenda Ruaha na friji na watoto, siku mbili tatu, joto la kule si la Uyole. Lakini soma jina mpaka mwisho. Explorer 1000 ya zamani, isiyo na v2, ina betri ya lithiamu ya aina ya NMC, ambayo kampuni yenyewe iliihesabia mizunguko 500 ya kujaza kabla ya kushuka hadi asilimia 80. Mpya ina lithiamu-chuma-fosfati, LiFePO4, inayohesabiwa kwa maelfu. Kwenye picha za mtandaoni yanafanana kwa mbali, rangi ile ile ya chungwa, na wauzaji wa mitumba wanayaita yote "Jackery elfu moja" kwa bei zinazokaribiana. Si bahati mbaya hiyo.

Wa tatu, Bluetti AC180: wati-saa 1,152 kwa wati 1,800. Lina hali ya kubana matumizi inayozima AC kusipokuwa na mzigo, na hapo linanifurahisha. Lakini ni kilo 16. Kama linakaa nyuma ya Prado na halishuki, sawa. Kama mnapaki juu na kushuka kwa miguu hadi kambini, utamchukia aliyekushauri. Anker SOLIX C1000, wati-saa 1,056 na kilo 12.9, nimeliweka hapo hapo. Sina ugomvi nalo.

Kuhusu kuchaji ndani ya gari, wengi wanakosea hesabu. Tundu la kuwashia sigara kwenye gari la volti 12 linapeleka wati 100 hivi, basi. Mbeya hadi Iringa ni kama kilomita 330, na kwa malori, vijiji vya kilomita 50 kwa saa na tochi za trafiki, utatumia saa tano au sita. Utapata wati-saa 500 hadi 600, kabla ya kutoa zinazopotea njiani. Zinatosha kulirudishia RIVER 2 Pro sehemu kubwa, ila hazijazi boksi la 1,000 lililokauka. Kaka zetu wa malori wanaolala foleni Tunduma wana bahati: gari lao ni la volti 24, na maboksi mengi yanayokubali volti zote mbili yanavuta karibu mara mbili kwa waya ule ule. Mwenye safari nyingi aangalie chaja za kufungwa kwenye alteneta, EcoFlow wana ya wati 800 na Bluetti wana ya wati 560, lakini kazi hiyo mpe fundi umeme wa magari anayejua nyaya nene na fyuzi. Na ukizima injini, chomoa. Kuna magari ambayo tundu lake linaendelea kutoa umeme, na asubuhi mtasukuma.

Baridi nayo. Betri za LiFePO4 hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, na kinga iliyo ndani inakataa kabisa. Watu wanacheka wakisikia hivyo Tanzania, mpaka walale Kitulo, mita 2,600 na zaidi, mwezi wa sita au wa saba, umande ukiganda juu ya nyasi. Boksi lililolala nyuma ya pikapu linaweza kuamka limepoa kiasi kwamba jua linapiga paneli ya sola na hakuna kinachoingia. Halijaharibika. Lilale nanyi ndani ya hema. Friji kule ni ya nini, maziwa weka nje.

Maboksi ya bei chee nitayasema kwa ufupi. Mengi hayaandiki wati-saa, yanaandika mAh kwa namba kubwa, 60,000, sababu namba kubwa inauza. Zidisha kwa volti 3.7 za seli, gawa kwa elfu: wati-saa 222. Hapo ni kama namba yenyewe ni ya kweli. Toa na za inveta, ubaki na simu kadhaa na taa. Kama bajeti ni hiyo, nunua pawabenki nzuri na taa ya kuchaji, ulale vizuri.

Na bei. Hivi ni nani alianzisha "bei inbox"? Unaona tangazo, picha safi, sifa aya tatu, bei hakuna. Unaandika inbox, unaulizwa uko wapi. Ukisema Mbeya bei inapanda, eti usafiri. Basi la kutoka Dar linapita kila siku na vifurushi vinashushwa stendi, gharama ya kifurushi cha kilo nane naijua na muuzaji anaijua. Ukisema una hela mkononi, "maongezi yapo". Ukiuliza waranti, unaambiwa miezi sita ya duka, wakati kampuni yenyewe inatoa miaka kwa wauzaji wake rasmi. Maana yake mzigo umepita njia nyingine, na ukiharibika ni wewe na fundi wako.

Usifikiri pia shangazi wa Dubai atakuletea kwenye begi. Ndege za abiria haziruhusu betri ya lithiamu ya zaidi ya wati-saa 160 kwenye mizigo ya abiria, na hata lile dogo la 256 limeshavuka hapo.

Waya wa kuchajia kwenye gari, uliza kama umo ndani au unauzwa pembeni, usije ukagundua ukiwa Igawa. Kisha, kifurushi kikifika stendi, kifungue pale pale kabla hujalipa kilichobaki na usome kibandiko cha chini au cha nyuma. Kinatakiwa kusema 230V, 50Hz. Yapo yanayoingia yakiwa ya soko la Marekani, 120V, yenye soketi za vipini bapa ambazo plagi zetu haziingii bila adapta, na adapta hiyo haibadilishi volti. Muuzaji atakwambia yanafanya kazi, na kweli yatachaji simu.