Kishikwambi cha Kutumia katika Ndege ya Tiger Moth: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Tiger Moth iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1931, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili ndiyo iliyowafunza urubani vijana wengi wa Uingereza. Rubani wake hukaa wazi kwenye upepo, mikono ndani ya glovu, katika ndege ambayo kwa kawaida haina umeme wa kuchajia kitu chochote. Kwa hiyo anayetafuta kishikwambi cha kuonyesha njia katika ndege kama hii asianze na bei wala umaarufu wa jina, bali na glovu, betri na dira.

Dira inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa wanunuzi wengi huisahau. Imewekwa chini, karibu na magoti, mahali hasa ambapo rubani angependa kufunga kishikwambi, na vishikwambi vingi pamoja na majalada yake vina sumaku inayoweza kuipotosha. Ndege ikiwa imeegeshwa, kaa kitini, subiri sindano itulie, kisha shusha kifaa polepole kutoka kifuani hadi gotini huku ukiitazama. Kosa la digrii 5 katika safari ya maili 60 humtoa rubani njiani kwa maili 5 hivi, na kusini mwa Uingereza, kwenye anga iliyobanwa na viwanja vikubwa vya ndege vya London, maili 5 ni nyingi mno.

Nafasi ya kwanza naipa Samsung Galaxy Tab Active5. Skrini yake ya inchi 8 inatosha pajani, inaweza kuguswa kwa glovu, na betri yake hutolewa, hivyo ya akiba inaweza kukaa mfukoni ikiwa na joto la mwili. Sijaona sifa nyingine inayomfaa zaidi mtu wa chumba kilicho wazi.

iPad mini inafuata. Ni nyepesi, karibu gramu 300, na picha yake ni safi sana, lakini nunua toleo linalopokea laini ya simu, kwa sababu lile la Wi-Fi pekee halina kipokezi cha GPS. Laini yenyewe si lazima uiweke. Katika ndege zilizofunikwa, kama Piper Cub au Auster, ningeipandisha hadi ya kwanza, mradi isiachwe juani chini ya kioo: Apple inaelekeza itumike katika joto lisilozidi nyuzi 35, na ikizidiwa hufifisha skrini au kujizima.

Ya tatu ni Garmin aera 660, iliyotengenezwa kwa ajili ya urubani na inayosomeka vizuri juani, ila inchi zake 5 ni chache kwa ramani. Simu ya kawaida ibaki kuwa akiba. Vishikwambi vya inchi 11 na zaidi sivipendekezi kabisa, kwani huzuia fimbo ya kuongozea.

Kuhusu programu, anayeruka Uingereza na Ulaya atahudumiwa vyema na SkyDemon, inayolipiwa kwa mwaka, hufanya kazi kwenye vifaa vya Android na vya Apple, na hutoa onyo mapema unapokaribia anga iliyodhibitiwa, yaani inayosimamiwa na waongoza ndege. Pakua ramani zote ukiwa bado chini. Ramani ya karatasi ya 1:500,000, yenye mstari wa safari uliochorwa kwa penseli, ipande nawe kila mara. Miwani ya jua iwe isiyo ya polaroidi, maana ya polaroidi huweza kuifanya skrini ionekane nyeusi tii.

Mwisho ni mkanda wa pajani na kamba fupi ya kukifunga kifaa, ambavyo ni rahisi kuliko vyote na havistahili kubaniwa pesa. Kishikwambi kikiponyoka kinaweza kupeperuka, au, vibaya zaidi, kuanguka sakafuni na kukwamisha fimbo au pedali za usukani. Kabla ya kuwasha injini, jifunge mikanda yote, kisha sukuma fimbo mbele, ivute hadi tumboni, ilaze kulia na kushoto mpaka mwisho wake, na ikigusa kishikwambi hata kidogo, kihamishe.