Mizinga ya masanduku ya dukani Sikonge: inunue, lakini nenda na rula

Mizinga ya masanduku inayouzwa katika duka moja la pembejeo karibu na soko la Sikonge, mkoani Tabora, inastahili kununuliwa, ila mnunuzi aende na rula mkononi. Vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga, ambavyo nyuki hujengea masega, vinatakiwa viwe na upana wa milimita 32 kwa nyuki wetu wa Afrika. Baadhi ya nilivyouziwa vilizidi kipimo hicho, na matokeo yake nyuki waliunganisha masega, kiasi kwamba ukiinua moja linararua la pili na asali inachuruzika chini. Mwenye duka alinibadilishia bila ubishi, lakini fundi wake bado anakadiria kwa macho.

Sifa kubwa ya duka hilo ni kwamba vipande hupakwa nta iliyoyeyushwa kabla ya mteja kuondoka navyo, kwa kuwa harufu ya nta huwavuta nyuki wanaotafuta makao, na muuzaji humuuliza mteja atautundika mzinga wapi na lini. Maswali hayo yana uzito. Nyuki wa huku ni wepesi wa kugawanyika maua yanapokuwa tele, na ni wepesi vilevile wa kuhama wote chakula au maji yakipungua. Mzinga uliotundikwa makundi ya nyuki wanaotafuta makao yakiwa yameshapita, au mbali na mto na miti ya maua, huishia kukaliwa na mijusi.

Malisho yenyewe ni misitu ya miombo. Mti wa mtundu huchanua kiangazi, mvua zikikaribia, na mti wa muba huchanua mvua zinapoelekea ukingoni. Hapo ndipo sanduku linapoushinda mzinga wa gome, ambao hutengenezwa kwa kubandua gamba la miti hiyohiyo kuzunguka shina zima. Mti uliobanduliwa hivyo hufa, na mrina asali anakuwa amewajengea nyuki nyumba kwa kuwaulia chakula, katika wilaya ambayo tayari inakata miti mingi kwa kuni za kukaushia tumbaku. Mbao nazo hutoka mtini, sikatai, lakini sanduku hudumu miaka mingi kuliko gome.

Asali ya dukani humo ni nzito na safi, yenye moshi kidogo katika ladha. Lebo inayodai kuwa ni ya mninga mtupu siiamini, kwani katika msitu uliochanganyika hakuna anayeweza kuwachagulia nyuki mti mmoja.

Waya unaotolewa pamoja na mzinga ni mwembamba mno. Nunua mnene, tundika mzinga uning'inie mbali na shina ili nyegere asiufikie, kisha paka waya grisi ili siafu wasipite.