Vitabu vya hadithi vya kununua kwanza: ushauri kwa msomaji wa Tanga

Mkazi wa Tanga anayetaka kununua riwaya ya Kiswahili kwa pesa yake mwenyewe hukabiliwa na tatizo ambalo mwenzake wa Dar es Salaam hana. Maduka mengi ya hapa mjini yanayoitwa ya vitabu huuza madaftari, kalamu na vitabu vya kiada, na riwaya chache zinazoonekana kwenye rafu ni zile zilizopangiwa wanafunzi wa sekondari. Kitabu kingine chochote huagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi hadi stendi ya Kange, kwa hiyo mnunuzi hulipia kitabu na kulipia mzigo kabla hajapata nafasi ya kufunua hata ukurasa mmoja. Vitabu ninavyovitaja hapa ni vile nilivyovisoma au kuvirudia hivi karibuni, na nimevipanga kwa kigezo kimoja tu: kitabu kitakachosomwa zaidi ya mara moja, na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, ndicho kinachostahili pesa ya kwanza. Sikuangalia mitihani, wala sikuangalia ukubwa wa jina la mwandishi.

Nafasi ya kwanza naipa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Ni hadithi ya Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, na inaanza na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mume aliyemzidi umri kupita kiasi. Urafiki wake na jirani yake Mwanajuma ndio unaomfungulia mlango wa kutokea, na kupitia mlango huo anakutana na Denge, kijana aliyejitosa katika harakati za kupinga ukoloni. Ninachokipenda zaidi ni kwamba siasa haihubiriwi humo. Inaingia chumbani pamoja na watu, katika nguo wanazovaa, ngoma wanazokwenda kucheza na mambo wanayoyaficha, mpaka msomaji anajikuta ameshachagua upande bila kuambiwa achague. Lugha yake ni ya mwambao huu huu, na mtu wa Ngamiani au wa Pangani ataisoma bila kamusi. Kasoro ninayoiona ni kwamba vipindi vya kukimbizana na polisi vimerudiwa mno, na mhariri mwenye mkono mkali angevipunguza. Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 wasidhani kwamba wamekwisha kukimaliza kitabu, kwa sababu mazungumzo ya watu, ambayo ndiyo utamu wake mkubwa, yamo kwenye kurasa kwa wingi ambao filamu haiwezi kuubeba.

Cha pili ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Tafsiri hiyo ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, anafanyishwa kazi dukani bila mshahara, kisha anasafiri na msafara wa biashara kwenda bara. Tafsiri nyingi za Kiswahili huchosha kwa sababu sentensi zake bado zinatembea kwa miguu ya lugha ya kwanza. Hii haikunichosha. Wafanyabiashara, wapagazi na walinda duka wanazungumza kama watu wa pwani wanavyozungumza, kwa heshima palipo na heshima na kwa kejeli palipo na kejeli. Hadithi inafika ukingoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani likikusanya watu kwa nguvu, na msomaji wa Tanga, ambaye mji wake ulipiganiwa mwezi Novemba mwaka 1914, ataifikia sehemu hiyo akiwa na picha ambazo wasomaji wa kwingine hawana. Nimekiweka cha pili kwa sababu kinadai subira: mambo makubwa yanatokea kimyakimya, na msomaji aliyezoea mikasa ya haraka anaweza kukiweka chini kabla msafara haujaondoka.

Najua watu wa mkoa huu watauliza Shaaban Robert yuko wapi, naye amezaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki mwaka 1962 na kuzikwa Machui. Yuko nafasi ya tatu, na hata hapo siyo kwa Kusadikika. Kitabu hicho cha mwaka 1951 kina wazo kubwa, la nchi inayoelea angani na la Karama anayeshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, lakini safari za wajumbe sita anazozisimulia katika utetezi wake zimejengwa kwa mtindo unaofanana, na anayekirudia mara ya pili huwa anajua kila mjumbe atafikwa na nini. Kwa pesa ya nyumbani nashauri Wasifu wa Siti Binti Saad, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1958. Ni kifupi. Kinaeleza maisha ya mwanamke aliyezaliwa Fumba katika umaskini, akauza vyungu na mitungi kwa kutembeza, kisha akawa mwimbaji wa taarabu ambaye sauti yake ilinaswa kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928. Nathari ya Shaaban Robert humo imepimwa kama dhahabu kwenye mizani ya sonara, kila sifa ikiwekewa uzito wake upande wa pili, na hekima zake hazielei hewani kwa sababu zimefungwa kwenye maisha ya mtu aliyeishi kweli. Katika mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, sioni nyumba ambayo kitabu hiki kitakosa msomaji wa pili, awe bibi anayesomewa au kijana anayesoma mwenyewe. Kikisomwa kwa sauti kinapendeza zaidi.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, naiweka nafasi ya nne. Inahusu msichana wa Ukerewe na baba mkali ambaye ukali wake haumkingi binti, bali unamharibu, na iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Mzazi mwenye mabinti aisome yeye kwanza, si kwa ajili ya kuificha, bali kwa sababu sehemu kubwa ya somo lake inamhusu yeye.

Riwaya za upelelezi nazipenda, lakini nashauri ziazimwe. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba humalizwa kwa usiku mmoja, na ukishamjua mhalifu hakuna kikubwa cha kukurudisha. Anayetaka kumiliki moja achukue Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, kwa sababu mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake wanafurahisha hata jibu likiwa limeshajulikana. Tamthilia, kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, zifuate baadaye, na kwa nyumba yenye watu wa kugawana sauti tu.

Iliyobaki ni nakala yenyewe. Nakala za kurudufu bila idhini ni nyingi, na zinatambulika ukifungua kitabu katikati na kukielekeza kwenye mwanga: mstari mmoja umekolea na unaofuata umefifia, na pambizo la ndani ni jembamba kiasi kwamba maneno ya mwisho yanazama kwenye mshono. Vilivyobandikwa kwa gundi hafifu huachia kurasa joto la kaskazi linapokolea, na masika yakifika karatasi huvuta unyevu wa bahari na kuota madoa, kwa hiyo cha kushonwa kwa uzi kinastahili kuongezewa kidogo. Anayeagiza kutoka Dar es Salaam amwombe muuzaji picha tatu kabla ya kutuma pesa: ya ukurasa wa mchapishaji, ya ukurasa wowote wa katikati, na ya mgongo wa kitabu kikiwa kimefunguliwa. Na mzigo ukifika Kange, kurasa zihesabiwe papo hapo, maana kitabu kilichoruka kurasa kumi na sita ni rahisi kukirudisha kwa basi lilelile kuliko wiki moja baadaye.