Mwanafunzi Mwenye Miaka 29: Tunazipima Sizoni za Sekondari

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani hakuna simu wala spika. Tunachambua sizoni za shule, zile ambazo mwanafunzi anafungua kabati lake koridoni, anageuka kuitazama kamera, nawe unabaki kujiuliza huyu mzee ada analipiwa na nani. Tunapima jambo moja tu: mtu mzima akiigiza mtoto wa sekondari, anapita au hapiti, na kwa nini.

Nitangulize msimamo. Mwaka aliozaliwa mwigizaji si kesi kubwa kama watu wanavyodhani. Kinachomuumbua ni yule aliyesimama naye.

Tuanze na mfano ambao kila mtu anaukimbilia, Beverly Hills, 90210. Ilianza Oktoba 1990 kwenye Fox, Marekani. Sekondari ya kule ni miaka minne, mtoto anaingia na miaka kama 14 na kumaliza na 18. Sasa angalia waliopangwa darasani. Gabrielle Carteris, aliyecheza Andrea, yule binti wa gazeti la shule, amezaliwa Januari 1961. Piga hesabu: 29. Ian Ziering ana 26. Luke Perry anatimiza 24 mwezi huohuo. Na humohumo wamo Tori Spelling na Brian Austin Green, wote wa 1973, wana 17.

Carteris peke yake angepita. Ni mfupi, kavalishwa miwani, na mhusika mwenyewe ni msomi aliyekomaa kuliko wenzake. Lakini muweke kwenye fremu moja na binti wa miaka 17 uone. Ukitaka kupima mwenyewe, sitisha picha wakati mtu anacheka, siyo akiwa kanyamaza. Shavu la kijana bado lina nyama, likicheka linapanda juu lote kwa pamoja. La mtu anayekaribia 30 limeshapungua, kwa hiyo kicheko kinachora mstari kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, na chini ya jicho panaingia kivuli. Ukimaliza uso, shuka shingoni, kisha tazama mikono. Mikono haipakwi vipodozi kwa makini kama uso, na mishipa yake haidanganyi.

Mwaka 1990 hayo yote yalipita kwa sababu runinga zenyewe zilikuwa na picha hafifu. Leo ukiitazama kwenye skrini kubwa iliyosafishwa picha, kila kitu kiko wazi. Kwa umri, 90210 naipa 4 kati ya 10. Kwa kazi ya Carteris mwenyewe, nampa zaidi.

Na kuna kichekesho kinachomhusu. Carteris alikuja kuwa rais wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji cha Marekani, kuanzia 2016 hadi 2021. Mwaka huohuo wa 2016, kwa msukumo wa chama, jimbo la California, liliko Hollywood, likapitisha sheria ya kuilazimisha IMDb, tovuti ya taarifa za filamu na waigizaji, iondoe umri wa mwigizaji akiomba. Hoja yao ilikuwa kwamba waajiri wanasoma tarehe ya kuzaliwa kabla hawajamtazama mtu akiigiza. Mahakama ikaitupa sheria hiyo 2018 kwa sababu inaminya uhuru wa kusema. Ndiyo maana leo wewe na mimi tunaweza kufanya hizi hesabu.

Swali linalokuja kwenye maoni kila mara: vijana wapo wamejaa, kwa nini wasichukuliwe haohao? Jibu ni saa za kazi. Sheria ya California, siku za shule, inasema mtoto wa miaka 15 anaruhusiwa kukaa eneo la kazi saa 9: saa 5 za kuigiza, saa 3 za masomo, saa 1 ya kupumzika. Wa miaka 16 na 17 anapata saa 10, na humo za kuigiza ni 6. Lazima awepo mwalimu mwenye leseni, mmoja kwa watoto 10, na mwalimu huyo ana mamlaka ya kusimamisha kazi akiona afya au usalama wa mtoto uko hatarini. Kesho kukiwa na shule, ikifika saa 4 usiku kazi ya mtoto imekwisha. Asilimia 15 ya malipo yake inawekwa kwenye akaunti maalumu mpaka afikishe 18. Sheria hiyo ya akaunti ilizaliwa 1939, baada ya Jackie Coogan, mtoto nyota wa enzi za filamu bubu, kukua na kukuta fedha zake karibu zote zimetumika.

Mtu mzima, kwa upande wake, siku yake ya kazi ni kama saa 12, na mkataba ukiruhusu inaongezwa kwa malipo ya ziada. Tamthilia ya saa moja inarekodiwa kwa takriban siku 8 kwa episodi, na msimu wa runinga za kawaida kule ulikuwa episodi 22 au zaidi. Mhusika mkuu yumo karibu kila tukio. Ukiwa na saa 5 tu za uso wake kwa siku, ama unaongeza siku, ama unarekodi mgongo wa mtu mwingine aliyevaa nguo zake. Na sherehe za shule, zile za usiku zenye taa na muziki, ndizo zinazoumiza zaidi, maana zina watoto wengi na zinakula usiku mzima.

Kuna upenyo mmoja. Kijana wa kuanzia miaka 16 akifaulu mtihani wa serikali unaothibitisha kiwango cha sekondari, anaruhusiwa kufanya kazi saa za watu wazima. Wasimamizi wa uteuzi wakikutana na kijana wa hivyo wanamshika kwa mikono miwili. Halafu kuna matukio ya mapenzi ya kitandani, kama yaliyojaa kwenye Euphoria, tamthilia ya Marekani ya wanafunzi wa sekondari. Hapo mjadala haupo, lazima awe mtu mzima. Zendaya, mhusika mkuu wake, alikuwa na 22 ilipoanza Juni 2019.

Sasa tuone kazi iliyofanywa vizuri. Derry Girls, Januari 2018, shule ya masista ya wasichana huko Ireland ya Kaskazini miaka ya 1990. Nicola Coughlan anacheza Clare mwenye miaka 16, na msimu wa kwanza ulipoanza alibakiza siku chache kutimiza 31. Amempita hata Carteris! Na watu wengi walimaliza msimu mzima bila kushtuka. Kwanza, wenzake wote wanne walikuwa wameshavuka 20, kwa hiyo hakuna uso wa kitoto wa kumsuta. Pili, anaigiza kwa mwili mzima: Clare akiogopa, mabega yanapanda masikioni, sauti inapaa, maneno yanamtoka kabla hajayapanga. Tatu, sare. Tai, sketi na koti vinaficha kifua na mabega, na jicho la mtazamaji likiona sare linahukumu "mwanafunzi" kabla halijafika usoni. Ni 9 kati ya 10.

Sisi wa huku sare tunaijua kazi yake. Tahidi High ya Kenya, iliyokuwa Citizen TV, ilijaa watu wazima, lakini shati jeupe na tai vilifunika mengi. Shule za kwenye runinga za Marekani nyingi hazina sare, kwa hiyo mwigizaji wa miaka 25 anaingia darasani na fulana iliyombana kifua cha mtu wa mazoezi, mchezo unaharibikia hapo. Sex Education ya Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu ina pande zote mbili: misimu miwili nguo za nyumbani, halafu wa tatu mwalimu mkuu mpya analeta sare. Tazama msimu wa pili na wa tatu mfululizo, mtazame Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali, aliyekuwa na 26 tamthilia ilipoanza. Kwenye sare anapungua miaka kadhaa papo hapo. Ila hata bila sare anapita, kwa sababu Eric, mhusika wake, hatulii, mikono na shingo vinazungumza kabla yake.

Kwa wanaume adui mkubwa ni kivuli cha ndevu. Taa za darasani ni nyeupe na zinatoka juu, zinachora taya. Mwigizaji ananyoa asubuhi, ikifika mchana ananyoa tena. Ngozi nyeupe inaonyesha kivuli cha bluu, kinazimwa kwa krimu ya rangi ya chungwa iliyopauka. Ngozi nyeusi inaonyesha kijivu, inataka chungwa iliyokolea. Kosa la kawaida ni kurundika poda juu yake: kamera za sasa zinaiona, na kijana anatoka na uso kama barakoa. Kumfanya mtu awe mdogo kunataka vipodozi vichache na mwanga laini wa mbele.

Never Have I Ever ilitoka Netflix tarehe 27 Aprili 2020, siku ambayo Darren Barnet alikuwa anatimiza 29. Anacheza Paxton wa sekondari. Mwenzake, Maitreyi Ramakrishnan, ana 18. Yeye anaonekana mtoto kweli, na kila wakisimama pamoja, Paxton anafanana na mwalimu wa michezo. Uandishi ni mzuri sana, lakini kwa kigezo chetu ni 5. Glee, ile ya kikundi cha kuimba cha shule, nayo: Finn anamaliza shule Mei 2012, na Cory Monteith anayemcheza kafikisha 30 siku chache kabla ya mahafali hayo kurushwa.

Kuchukua vijana wenyewe kunawezekana. Skins ya Uingereza, 2007, ilianza na Nicholas Hoult wa 17 na Kaya Scodelario wa 14. Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake wametoka Uganda, alikuwemo na miaka 17, akaandika pia baadhi ya episodi. Degrassi ya Kanada ilimchukua Drake akiwa bado 14. Zote mbili ziliipunguza ile shida ya saa za kazi kwa kuwa na wahusika wengi, kila mmoja anabeba kipande.

Ila vijana wanakua, tena haraka. Mvulana wa miaka 14 anaweza kurefuka sentimita 8 au 9 kwa mwaka, na tukio likirudiwa kurekodiwa miezi mitano baadaye, suruali inaishia juu ya kifundo na sauti si ileile. Stranger Things ndiyo ilipata dozi kamili. Hadithi inaanza 1983 na kufika 1987, miaka minne. Nje ya hadithi imetoka Julai 2016 hadi mwisho wa 2025, huku korona na mgomo wa waandishi na waigizaji wa Hollywood wa 2023 vikisimamisha kazi. Millie Bobby Brown alianza na 12, akamaliza na 21. Msimu wa kwanza naupa 10, wa tano 5, waigizaji ni walewale.

Ukitaka kuanza na moja wiki hii, chukua Derry Girls. Ina misimu 3, episodi zake ni za nusu saa hivi. Washa maandishi ya chini tu, maana kile Kiingereza chao kinakwenda mbio, na Clare akishtuka ndiyo hushiki neno kabisa.