Reaper na laptopu yangu kuukuu: nilivyomiksi nyimbo za ami hapa Lamu

Nianze na hasira kwanza ndo mjue nimetokea wapi. Mwaka jana tulirekodi nyimbo mbili za ami yangu, mpiga udi, tukazipeleka studio fulani wakatumiksia (yaani kuzipatanisha sauti zote ziwe nyimbo moja), pesa tukatoa, faili tukapewa. Kwenye hedifoni ilikua tamu balaa, imetanuka huku na huku mpaka unahisi umekaa katikati ya wapigaji. Siku ya pili niko kwenye boti natoka Mokowe, nikamwomba nahodha aipige kwa ile spika yake moja iliyofungwa nyuma karibu na mashini. Sauti ya ami haipo. Yaani ipo lakini kwa mbali, kama mtu anaimba ndani ya mtungi, ngoma ya dumbaki tu ndo inapasua. Mama mmoja pale akaniuliza, "Mwanangu, hii ni nyimbo ama ni mazoezi?" Nikapiga simu studio wanipe traki moja moja, yaani kila sauti na kila chombo peke yake, nirekebishe mwenyewe, naambiwa washafuta.

Kilichotokea nimekuja kukielewa baadaye. Mwimbaji walimtanua kwa plagini (kiprogramu cha nyongeza) mpaka sauti ya kushoto ikawa karibu kinyume cha ile ya kulia, na spika moja inapojumlisha pande mbili, vilivyo kinyume vinauana. Na huku kwetu nani anasikiliza kwa spika mbili? Simu, boti, duka la juisi, zote ni moja.

Basi nikashusha Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi muziki. Kwa walioanza kompyuta enzi za saiba, aliyeiunda ni Justin Frankel, yule yule wa Winamp, ile programu ya kupigia muziki, na inaonekana, manake kifurushi chake ni kidogo na laptopu yangu ya ramu GB 4 inaibeba bila kulia. Unaitumia siku 60 ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa, alafu leseni ni dola 60 kwa mtu binafsi, kwa shilingi zetu ni kama 7,800. Siku zikiisha bado inafunguka ila inakuwekea dirisha la kukukumbusha ulipe, unangoja sekunde chache huku unajisikia mwizi.

Kurekodi sitasema mengi. Chumba ni cha juu, nyumba ya zamani ya mawe, na mnajua vyumba vya kizamani vya Lamu ni virefu na vyembamba sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, kwa hiyo sauti inagonga ukuta wa huku na wa kule inakurudia ingali moto. Nikasimamisha magodoro mawili, feni nikazima, tukafanya baada ya isha watu wametulia, jasho mpaka kwenye udi. Saundi kadi yangu ina matundu mawili ya maiki tu kwa hiyo kila mtu alipiga kwa zamu yake, jumla traki 11: sauti ya ami, udi, fidla, kibodi mbili, besi, dumbaki, tari mbili na waitikiaji mbili.

Sasa kumiksi. Mara ya kwanza nilifanya kijinga, nikapani kila kitu (yaani kukisukuma kushoto au kulia) mpaka mwisho, udi kushoto 100, fidla kulia 100, nikajiona fundi. Nikampa ami asikilize. Ami ana iyafoni ambayo sikio la kulia lilikufa zamani na hataki kununua nyingine, akasikiliza dakika nzima kwa adabu, akaitoa, akaniambia, "Udi wangu umenoga. Lakini fidla mlimfukuza?" Nikacheka alafu nikanyamaza, manake watu wangapi hapa wanagawana iyafoni moja, huyu sikio lile na mwenzake hili? Tangu siku hiyo chombo kinachobeba nyimbo hakivuki 50 kwangu. Udi nikauweka kushoto 35, fidla kulia 40, sikio moja likikosekana bado unampata kila mtu.

Katikati nimewaacha ami, besi na dumbaki. Besi ya chini sikio linapata tabu kusema inatoka upande gani, na spika ndogo zinahitaji kusaidiana kuisukuma, ukiivuta pembeni unaiumiza bure. Dumbaki nilijaribu kuisogeza kidogo, lile "dum" likapoteza nguvu, nikairudisha. Tari ndo nikazitawanya, moja kushoto 60 na nyengine kulia 60, zile hata zikipotea kwenye iyafoni ya ami nyimbo haifi.

Kibodi ilinitesa. Ilirekodiwa traki mbili, kushoto na kulia, na ukiiacha hivo inajaza kila mahali kama moshi, udi hauna pa kukaa. Nikaziingiza traki zote mbili kwenye traki moja ya juu, nikabonyeza kile kitufe cha pani kwa mausi ya kulia, ikanipa chaguo la pani mbili, kila upande na kitufe chake. Ule wa kushoto nikauleta katikati, ule wa kulia nikauacha 70. Hapo udi ukatokea wenyewe, sijagusa hata ekwalaiza! Hii peke yake kwangu inalipia leseni.

Waitikiaji nao. Nikasema nataka wawe wengi, nikakopi traki, moja kushoto moja kulia. Wapi, ni vile vile, wako katikati wamezidi kelele tu, sababu kitu kile kile kikitoka pande zote mbili sikio linakiweka kati. Jamaa mmoja akanishauri nicheleweshe ile kopi milisekunde 15, kweli ikatanuka vizuri sana, nikafurahi, nikabonyeza kile kitufe cha mono (kinachojumlisha pande mbili ziwe moja) kwenye masta, ile traki kuu, na mtungi wa boti ukarudi! Ikabidi niwaite vijana tena waimbe mara ya pili kwa ukweli, kahawa na mahamri juu yangu. Zile mbili nikaziweka kushoto 70 na kulia 70, zikawa pana na kwenye mono hazifi, sababu hakuna binadamu anaimba sawasawa mara mbili.

Kile kitufe cha mono nakibonyeza kila dakika tano sasa, kama mtu anayeangalia mfuko kama simu ipo.

Jambo moja lilinichanganya wiki nzima. Kila nikivuta chombo pembeni naona kimepungua nguvu, nakipandisha, nikikirudisha kati kinapiga kelele. Kumbe Reaper ikitoka kiwandani inaacha katikati bila kupunguza kitu, na kilicho katikati kinatoka spika zote mbili wakati cha pembeni kinatoka moja. Unabonyeza Alt na Enter, unaingia mipangilio ya ndani ya projekti, unaweka -3 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), na kati inashushwa kidogo ili mizani ikae. Hii nawalaumu kidogo, mgeni ataijuaje? Mpangilio wa Reaper wote uko hivyo, kila kitu kipo ila kimefichwa mahali ambapo mwenye nyumba tu ndo anajua. Ndo maana naipa nyota nne, si tano.

Na msimalize kwa hedifoni peke yake. Kwenye hedifoni kushoto haifiki sikio la kulia kabisa, kwa hiyo pani inaonekana kubwa kuliko ilivyo, kwenye spika zote mbili zinakufikia masikio yote. Mimi nafanya kwa hedifoni usiku, sauti chini, asubuhi naangalia kwa spika, mchana naenda nayo botini.

Kurenda, yaani kutoa faili la mwisho, hakuna shida. Masta nimeiacha kilele kama -6 dB isiguse nyekundu, nikatoa WAV ya kuweka na MP3 ya 320 ya kutuma. Nyimbo ni dakika saba, WAV ya biti 16 ni kama MB 74, MP3 ni 17, sasa mjomba aliye Oman akisema imechelewa kufika mjue alitaka WAV.

Juzi nimeipanda boti ile ile, nahodha yule yule. Ami alikuwepo, amekaa mbele na kanzu yake, hajasema kitu. Ilipofika ule ubeti wa tatu nikaona kidole chake kinagonga ubao wa boti kwa mdundo wa dumbaki.

Kwenye traki ya fidla, dakika ya nne, kuna punda amelia uchochoroni. Amelia fidla ikipiga kwa hiyo siwezi kumkata, yuko kulia 40 pamoja nayo. Nilimwambia ami turudie, akasema mwache, ameingia kwenye mdundo.