TAHADHARI: "Dawa ya magoti kutoka Chalbi" si ya Chalbi, na imemuumiza mamangu ini

Wakazi wa Nairobi, hasa mlio na wazazi wanaoumwa na magoti, nawaomba msome hadi mwisho.

Kuna jamaa anauza kapsuli za majani mtandaoni, na pia ana kibanda karibu na River Road. Anadai ni kichaka cha jangwa la Chalbi kinachochumwa na wazee wa Marsabit, eti kinaponya baridi yabisi, kisukari na hata saratani. Unatuma shilingi 2,800 kwa M-Pesa, mzigo unaletwa na bodaboda. Mamangu alinunua chupa mbili bila kuniambia, maana alijua ningemkataza.

Wiki ya sita akaanza kukataa chakula. Tukadhani ni malaria. Asubuhi moja alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni, jua limempiga usoni, nikaona weupe wa macho yake umegeuka manjano. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Hospitalini, daktari alipoona vipimo vya ini akauliza, "Mama, kuna dawa yoyote ya mitishamba unayotumia?" Mama akanyamaza, akainamia viatu vyake.

Usiku huo niliichukua chupa. Stika ya muuzaji ilikuwa imeinuka pembeni, nikaibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na lebo nyingine ya kiwandani: chaparral, Larrea tridentata, pamoja na onyo kwamba mwenye ugonjwa wa ini asitumie. Hapo ndipo nilipolia. Huyu mtu hakukosea kwa kutojua, alilifunika onyo kwa mkono wake.

Chaparral ni kichaka kweli, ila asili yake si Chalbi. Ni cha majangwa ya Mojave, Sonora na Chihuahua, kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Kina maua ya manjano na majani yenye utomvu unaong'aa. Nilifungua kapsuli moja nikaumwagia unga wake maji moto: harufu kali, kama lami mbichi. Wenyeji wa huko, wakiwemo Watohono O'odham, wamekitumia vizazi na vizazi kukanda maungo na vidonda, na kunywa chai yake wakiwa na mafua. Siudharau ujuzi wao hata kidogo. Ila kemikali inayoshukiwa kudhuru ini, NDGA, haiyeyuki vizuri majini. Chai hubeba kiasi kidogo, ilhali anayemeza kapsuli humeza jani lote, kila siku, kwa miezi. Kwa mtazamo wangu, hata chai yake isinywewe.

Wala si habari mpya. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo Desemba 1992. Mwaka 1997 madaktari wa huko walichapisha uchambuzi wa ripoti 18 za wagonjwa. Madhara ya ini yalijitokeza kati ya wiki 3 na 52 baada ya kuanza kutumia. Wengi walipona walipoacha, lakini wapo waliohitaji kupandikizwa ini.

Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Hiyo manjano ni sumu inatoka mwilini, mwongezee dozi." Kisha akanifungia namba. Tafadhali, mkiambiwa hivyo msikubali! Macho ya manjano, mkojo mweusi, kuwashwa mwili mzima au maumivu chini ya mbavu za kulia: acha dawa siku hiyo hiyo, nenda hospitali, na ubebe chupa yenyewe usiitupe. Kabla ya kununua, bandua stika na uulize kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Mama ameacha kapsuli mwezi sasa. Macho yameanza kuwa meupe, na jana aliomba ugali. Chupa na ujumbe wa M-Pesa nimevihifadhi. Kama nawe uliuziwa na mtu huyu, niandikie tupeleke malalamiko yetu kwa Bodi pamoja.